Mikwaju mifupi ya gofu: amua pa kutua kabla ya kushika fimbo

Mvua zikishakata Tabora mwezi wa Mei, ardhi haichukui muda kugeuka sakafu. Nyasi zinabaki vishina, mchanga mwepesi unalala juu ya udongo mgumu kama unga juu ya kibao cha chapati, na mpira wa gofu ukitua hapo haupati hata jani moja la kuunyanyua. Ukikosea upana wa kidole, fimbo inachimba au inadunda. Huko ndiko nilikojifunzia mikwaju mifupi, na huko ndiko nilikogundua kwamba nusu ya ushauri unaozunguka kuhusu wedji umetolewa na watu wanaopigia juu ya nyasi laini kama zulia.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye fimbo chache, pengine za mtumba, na kiwanja cha wazi cha kufanyia mazoezi, ambaye mara mojamoja akisafiri anapata kucheza kwenye viwanja vya gofu vya Lugalo, Dar, au Morogoro. Unahusu mpira ulio ndani ya mita 80 kutoka kwenye shimo. Nimeandika kwa anayepiga kulia. Wa kushoto ageuze miguu na mikono.

Tuelewane kwanza kwa maneno machache. Wedji ni zile fimbo fupi zenye uso uliolala kwa nyuma. Lofti ni kipimo cha ulalo huo kwa nyuzi: nyuzi zikiwa nyingi, mpira unapanda zaidi na kwenda karibu. Chipu ni mkwaju wa chini, mpira unaruka kidogo na kutembea sana. Pichi ni mkwaju wa juu, mpira unaruka sana na kutembea kidogo.

Hatua ya kwanza: zijue fimbo ulizonazo

Geuza kila fimbo uangalie chini yake. P ni pichi wedji, A au G ni gepu wedji, S ni sendi wedji, L ni lobu wedji. Nyingine zimeandikwa nyuzi tu: 52, 56, 60. Namba hizo ziamini kuliko herufi. P ya seti ya zamani inaweza kuwa na nyuzi 48, na ya seti ya siku hizi 44 au hata 43, kwa kuwa watengenezaji wamekuwa wakizisimamisha nyuso mwaka hadi mwaka ili mnunuzi ajione anapiga mbali. Ndiyo unakuta mtu ana P ya 44 na S ya 56, katikati pengo la nyuzi 12. Mpira ukiwa mahali ambapo P ni kubwa na S haifiki, anabaki anakuna kichwa.

Acha nyuzi 4 hadi 6 kati ya wedji moja na nyingine. P ikiwa 44, tafuta 50 na 56. P ikiwa 48, ongeza ya 54 peke yake na utacheza vizuri tu. Sheria zinaruhusu fimbo 14 begini, lakini hakuna anayekulazimisha kuzijaza. Mimi natembea na tisa, na mabega yangu hayajalalamika.

Ukinunua mtumba, pitisha ukucha kwenye mistari ya uso. Ukucha ukinasa, mistari bado ipo. Ukiteleza kama juu ya kioo, fimbo hiyo imeshakula chumvi nyingi na mpira hautashikika. Viringisha mpini juu ya meza uone kama umepinda. Tikisa kichwa usikilize kama kimelegea. Gripi, yaani raba ya kushikia, ikiwa imekauka isikutishe, hiyo inabadilishwa.

Kitako, ambacho hakuna anayekiangalia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Simamisha wedji yako kwenye sakafu ya saruji kama unavyotaka kupiga, kisha piga goti uangalie makali ya mbele. Kwenye fimbo nyingine makali yamelala karibu kabisa na sakafu. Kwenye nyingine yameinuka, na kinachogusa chini ni kitako kilicho nyuma yake. Mwinuko huo unaitwa baunsi, nao unapimwa kwa nyuzi. Kuanzia 4 hadi 6 ni baunsi ndogo, 7 hadi 10 ni ya wastani, zaidi ya hapo ni kubwa. Mara nyingi imeandikwa palepale pembeni mwa lofti: ukiona 56 na 10, ya pili ndiyo baunsi.

Aliyewahi kulima hahitaji maelezo marefu. Jembe ukilishusha kwa makali linazama. Ukilishusha kwa mgongo, linapita juu ya udongo. Baunsi ni mgongo wa jembe uliotiwa chini ya wedji ili fimbo iteleze isizame.

Mgongo huo ni rafiki yako kwenye mchanga mwingi, kwenye manyasi, na kwenye udongo wa mbuga uliolowa Januari, ule unaoshika kiatu ukabaki na soksi. Kwenye sakafu ya Julai unageuka adui. Kitako kinagonga ardhi ngumu kwanza, fimbo inadunda, makali yanakuja juu na kuupiga mpira kiunoni. Mpira uliopigwa kiunoni haupandi. Unakwenda kama jiwe la manati.

Bado uko pale sakafuni? Sasa fungua uso wa fimbo, yaani uzungushe kidogo uangalie kulia, halafu tazama makali tena. Yamepanda zaidi. Kila unapoufungua uso unaongeza baunsi, hata kama hukukusudia. Hili ningeambiwa mapema lingeniokoa aibu. Nilianza na wedji ya nyuzi 60 yenye baunsi 12, kwa sababu nilikuwa nimemwona Mmarekani Phil Mickelson, bingwa wa gofu, kwenye televisheni akirusha mpira juu mpaka unaanguka kama embe lililoiva. Asubuhi moja ya Agosti nikaufungua uso kama yeye, juu ya ardhi tupu, nikitaka mpira uende mita 15. Ulikwenda zaidi ya 60, usawa wa kifua, ukaishia kwenye bati la kibanda cha bodaboda. Vijana walitoka mbio wakidhani wamerushiwa mawe. Nilinunua soda sita.

Kwa hiyo kama una pesa ya wedji moja tu ya kuongeza, na ardhi yako ni kama yetu, chukua ya nyuzi 54 au 56 yenye baunsi ya wastani, 8 hivi. Itakubali mchanga, itakubali kiangazi ukiiacha uso wake umekaa sawa, na masika haitazama sana. Ya nyuzi 60 iache dukani. Siyo kwamba ni mbaya. Inataka mazoezi ya kila siku na nyasi za kuunyanyua mpira, na wengi wetu hatuna vyote viwili.

Hatua ya pili: uangalie mpira ulivyokaa

Kabla hujatazama bendera inayoonyesha shimo lilipo, tazama chini. Mkao wa mpira ndio unaokwambia ni mikwaju ipi inawezekana. Bendera inakwambia tu upande wa kuelekea.

Piga swingi moja ya mazoezi, yaani zungusha fimbo bila mpira, pembeni, mahali panapofanana na pa mpira wako, na usikilize. Ardhi ngumu inatoa sauti kavu, kama kugonga mlango. Ardhi laini inatoa sauti nzito na fimbo inabaki na udongo. Ukisikia mlango, sahau mkwaju wa juu kama hulazimiki. Tumia fimbo yenye kitako chembamba, zile za chuma za namba 8 au namba 9, au P, na uuache mpira utembee. Kama kati yako na grini, ile sehemu iliyosawazishwa yenye shimo, pamekauka na ni tambarare, hata pata, ile fimbo ya kusukumia, inafaa. Watu wanaona haya kuitoa nje ya grini. Mimi nimeshinda chakula cha mchana nayo zaidi ya mara moja.

Mpira ukiwa umekalia manyasi, mambo yanageuka. Pale chini pana nafasi, na fimbo inaweza kupita chini ya mpira bila kuugusa vizuri. S itateleza vyema, ila usiidekeze: piga kwa uhakika, na tegemea mpira kutembea zaidi baada ya kutua, kwa sababu majani yanaingia kati ya uso na mpira na kuizuia mistari isiushike. Mpira uliozama kwenye manyasi mazito haufai ufundi wowote. Toa S, shika gripi kwa nguvu kidogo kuliko kawaida, utoe mpira ufike mahali pa kueleweka.

Hatua ya tatu: amua pa kutua

Tabora nilikutana na mzee mmoja aliyebeba mabegi ya wachezaji Dar kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Nilimwamkia, shikamoo, nikamwonyesha wedji zangu tatu nikitegemea asifie. Akaziangalia, akanirudishia.

“Marahaba. Sasa kijana, mpira wako utaangukia wapi?”

Nikamwonyesha bendera yangu, kipande cha mti nilichokichomeka.

“Hapo ni pa kuishia. Nimekuuliza pa kuangukia.”

Sikuwa na jibu. Akavua kofia yake, akatembea hatua nne mbele yangu, akaiweka chini. “Piga kofia. Huko kwingine mpira unakujua mwenyewe.” Tangu siku hiyo sichagui fimbo mpaka niwe na kofia kichwani mwangu, hata kama chini hakuna kofia.

Mahali pa kutua pawe tambarare, na ikiwezekana pawe hatua moja au mbili ndani ya grini, kwa sababu grini inadundisha mpira kwa namna unayoweza kuitabiri kuliko nyasi za pembeni. Ukishapata mahali hapo, kuna hesabu ya haraka wachezaji wengi wanaitumia, ya 12. Hesabu hatua kutoka kwenye mpira hadi pa kutua, kisha hatua kutoka pa kutua hadi kwenye shimo. Gawanya za pili kwa za kwanza. Jibu litoe kwenye 12; kinachobaki ndiyo namba ya fimbo.

Mfano. Kutoka kwenye mpira hadi pa kutua ni hatua 3. Kutoka pale hadi kwenye shimo ni hatua 9. Tisa gawanya kwa tatu ni 3. Kumi na mbili toa tatu ni 9: chukua namba 9. Ingekuwa hatua 4 za kuruka na 8 za kutembea, jibu lingekuwa 10, na 10 ni P. Ukipata 11, ni S. Ukipata 7, ndiyo hiyo namba 7, wala usishangae. Inaviringisha mpira kama pata.

Hesabu hiyo ni ya grini iliyo sawa na yenye kasi ya kawaida. Ikiwa ni mteremko, ongeza fimbo moja kuelekea S. Ikiwa ni mwinuko, rudi fimbo moja kuelekea namba 7. Kwenye ardhi yetu ya kiangazi mimi naongeza moja kila siku bila kufikiri: hesabu ikisema 9, nashika P. Na mkifika kwenye uwanja wa zamani wenye grini za mchanga uliochanganywa na mafuta, zile za sehemu kavu zisizo na maji ya kumwagilia, msitegemee mpira kushika breki. Tueni mapema.

Bendera iache ndani ya shimo unapopiga kutoka nje ya grini. Shimo lina upana wa milimita 108 tu. Mpira unaokwenda kasi kidogo ukigonga mti wa bendera unaweza kudondoka ndani, na usipodondoka mara nyingi unabaki karibu.

Hatua ya nne: chipu

Kusanya miguu, visigino vikiwa karibu kiasi cha upana wa kichwa cha fimbo. Vidole vya mguu wa kushoto vigeuze kidogo kuelekea shabaha. Uzito wa mwili uwe zaidi mguu wa kushoto, tuseme sehemu 6 kwa 10, na ubaki huko mpaka mwisho, usiuhamishe. Mpira uwe katikati ya miguu au nyuma kidogo ya katikati. Mikono iwe mbele ya mpira kidogo tu, mkabala na paja la kushoto. Shika gripi chini, karibu na chuma, fimbo iwe fupi.

Kisha tikisa mabega. Mikono na fimbo vinafuata mabega kama kamba ya bembea, na viwiko havina kazi ya peke yao. Kosa la karibu kila mtu ni kuunyanyua mpira kwa viganja. Mpira huunyanyui wewe, unanyanyuliwa na ulalo wa uso. Kazi yako ni kuugonga mpira kwanza, halafu ardhi. Ukitaka kujua kama umefanya hivyo, angalia vumbi: liruke mbele ya pale mpira ulipokuwa, siyo nyuma.

Urefu wa kurudisha fimbo na wa kuipeleka mbele ulingane. Anayerudisha fimbo mbali sana analazimika kupunguza mwendo karibu na mpira, na fimbo inayopunguza mwendo ndiyo inayochimba. Bora uirudishe kidogo na uipeleke mbele bila woga.

Onyo dogo kwa wale wa ardhi ngumu. Wengi wameambiwa wauweke mpira nyuma kabisa, kwenye mguu wa kulia, na kuisukuma mikono mbele sana. Ukifanya hivyo unaondoa baunsi yote, makali yanaelekea ardhini, na ukichelewa hata kidogo jembe linazama. Kaa katikati.

Hatua ya tano: pichi, kwa kutumia saa

Mpira ukiwa mita 20 hadi 80, hakuna tena kutikisa mabega tu. Panua miguu kiasi, mpira katikati, na mwili uzunguke mpaka kitovu kiangalie shabaha mwishoni. Hapa tatizo siyo kuupiga mpira, ni kujua utakwenda mbali kiasi gani.

Jifikirie umesimama mbele ya saa kubwa ya ukutani, umeipa mgongo, kichwa kwenye kumi na mbili na miguu kwenye sita. (Nazungumzia saa ya ukutani, siyo saa ya Kiswahili; msije mkapiga saa tatu asubuhi.) Mkono wa kushoto ndio mshale. Rudisha mpaka mshale ufike saba na nusu, usawa wa nyonga kushuka kidogo. Hiyo ni robo. Rudisha mpaka tisa, mkono sambamba na ardhi. Hiyo ni nusu. Rudisha mpaka kumi na nusu, hiyo ni robo tatu. Mwendo ule ule kwa zote, kama mtu anayefagia uwanja bila haraka. Umbali unabadilishwa na urefu wa kurudisha, siyo na hasira.

Wedji tatu mara vipimo vitatu ni umbali wa aina tisa. Chukua asubuhi moja, piga mipira kumi kwa kila kipimo, tupa ule uliokwenda mbali kupita yote na ule uliobaki nyuma kuliko yote, kisha hesabu hatua hadi kwenye kundi la iliyobaki. Pima pale mpira ulipotua, siyo ulipoishia, kwa sababu kwa ardhi yetu kuishia ni bahati nasibu. Yangu kwa S ya 56 ni mita 25, 45 na 60. Kwa P ni 40, 65 na 85. Zako zitakuwa tofauti. Ziandike kwenye kikaratasi, kiweke mfukoni, sheria hazikatazi.

Kuna watakaokwambia kwamba Tabora ipo juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mpira unaruka mbali kuliko Dar. Ni kweli, hewa ni nyepesi. Ila kwa mkwaju wa mita 60 tofauti hiyo ni ndogo kuliko makosa yako na yangu. Upepo wa Julai ndio wa kuuogopa. Ukivuma usoni, usiongeze nguvu. Chukua fimbo yenye lofti ndogo, rudisha kidogo, mpira upite chini yake.

Chini ya mwembe, na hii miji yetu ina miembe, usijaribu kupita kwenye matawi. Namba 7, kurudisha robo, toka chini.

Hatua ya sita: kutoka kwenye banka

Banka ni shimo la mchanga, na ndipo ile baunsi niliyoilaumu inapolipa deni lake. Kabla ya miaka ya 1930 wachezaji walihangaika mchangani na fimbo zenye makali membamba yaliyozama. Mmarekani Gene Sarazen akaongeza metali chini ya wedji yake, kitako kikawa kinene na kushuka kuliko makali, na mwaka 1932 akashinda mashindano ya wazi ya Uingereza akiwa nayo. Sendi wedji unayoiona leo ni mjukuu wa ile.

Kwa mpira uliokaa vizuri juu ya mchanga mkavu: fungua uso kwanza, ndipo ushike gripi. Ukishika kwanza halafu ukazungusha viganja, uso utajifunga wenyewe wakati wa kupiga. Zamisha miguu kidogo ili usiteleze. Mpira uwe mbele, mkabala na kisigino cha kushoto. Usilenge mpira. Lenga mchanga, kama sentimita 5 nyuma yake, upitishe fimbo chini ya mpira na umalizie juu. Mchanga ndio unaoutoa mpira, fimbo haiugusi. Na kwa kuwa mchanga unakula nguvu, piga kama mpira ungekuwa mbali mara mbili zaidi ya ulivyo.

Ukikuta mpira umezama nusu, fanya kinyume: uso usifunguliwe, hata uufunge kidogo, mpira katikati, ushushe makali kwa nguvu. Hapo unataka jembe lizame. Mpira utatoka chini na kutembea sana. Mchanga uliolowa mvua nao ni mgumu. Kitako kinadunda kama kwenye ardhi ya kiangazi, kwa hiyo uso usiufungue sana, na P wakati mwingine inafaa kuliko S.

Kisheria, usiguse mchanga kwa fimbo mbele au nyuma ya mpira kabla ya kupiga, wala usipige swingi ya mazoezi inayokwangua mchanga. Jani, ganda la embe au jiwe unaruhusiwa kuliondoa tangu sheria zilipobadilishwa mwaka 2019. Mwaka huo huo iliruhusiwa pia kuutoa mpira kabisa nje ya banka kwa adhabu ya mikwaju miwili. Ukishapiga mara tatu bila kutoka, miwili ni bei nafuu.

Sehemu ya mazoezi haya sikosi huku. Popote panapojengwa nyumba pana lundo la mchanga. Omba ruhusa kwa fundi, chora mstari mchangani, usiweke mpira, piga mstari tu mara ishirini uone kama fimbo inaingia pale pale. Ukiweza mstari, weka mpira sentimita 5 mbele yake. Fundi atacheka. Ukimaliza rudisha mchanga wake kwa koleo.

Mambo yakiharibika

Fimbo ikichimba nyuma ya mpira, uzito wako umebaki mguu wa kulia. Simama upige chipu kumi ukiwa umeunyanyua mguu wa kulia, ukigusa chini kwa ncha ya kiatu tu. Mpira ukipigwa kiunoni, ama unajaribu kuunyanyua kwa viganja, ama kitako ni kinene mno kwa ardhi ile, na hilo la pili mazoezi hayaliponyi. Mpira ukichomoka kulia kwa pembe kali, umeugonga kwa shingo ya fimbo: umeusogelea mno. Rudi nyuma nusu hatua.

Kuna pia kuupiga mpira mara mbili kwa mkwaju mmoja, fimbo ikiukuta tena mpira hewani. T. C. Chen wa Taiwan yalimkuta hayo kwenye mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 1985 akiwa anaongoza siku ya mwisho. Alimaliza shimo lile kwa mikwaju 8 na akakosa ushindi kwa mkwaju mmoja. Siku hizi ikitokea kwa bahati mbaya unahesabu mkwaju mmoja tu, bila adhabu.

Na kabla ya kupiga, hata mkwaju wa hatua kumi, hakikisha hakuna mtu mbele yako. Watoto hupenda kusogea waone. Mpira hauna uzito wa kutisha, gramu 46 kasoro kidogo, lakini uliza bati la kibanda cha bodaboda.

Mazoezi ya dakika arobaini

Nenda alfajiri, kabla jua halijapanda. Tandika kanga kuukuu hatua nne mbele yako, hiyo ndiyo kofia ya yule mzee. Piga P, namba 9 na namba 7, mipira mitano kila moja, zote zitue kwenye kanga, na uangalie kila moja inatembea hatua ngapi. Utajifunza zaidi hapo kuliko kwenye video kumi. Kisha sogeza kanga hatua nane. Kisha weka karai la chuma kwenye mita 25 na ujaribu kulipiga moja kwa moja bila kudunda. Mlio wake ni malipo tosha. Dakika kumi za mwisho beba mpira mmoja tu. Utupe popote, penye mchanga, vishina, mizizi ya mwembe, uucheze ulivyoangukia mpaka kwenye shimo, uhesabu mikwaju. Rudia mara tisa. Nilipoanza nilikuwa napata 31 kwa mara tisa. Sasa napata 24, na siku za upepo 27.

Ukirudi nyumbani, osha nyuso za fimbo kwa mswaki wa zamani na maji ya uvuguvugu, mstari kwa mstari, mpaka udongo mwekundu utoke. Zikaushe, usiziache kwenye begi lenye unyevu. Novemba mvua zikikaribia, zile zilizoanza kushika kutu zipake tone la mafuta ya cherehani, na asubuhi kabla ya kucheza yafute yote kwa kitambaa kikavu, maana uso wenye mafuta haushiki mpira.